Vipele vya Uzi

Nalisema mapema asije mtu akadai nilificha: nilimchoma mwanangu wa kumzaa kwa sindano ya kroshia, na ilipokwama kwenye nyama niliizungusha. Wanaotaka kushika midomo na washike. Wakimaliza wakae wasikilize, maana watu wa mtaa huu wanajua mwisho wa kila habari na hawajui mwanzo wa hata moja.

Mtaani naitwa Mama Pilipili. Aliyenipa jina hilo nilimfukuza kwa ufagio mpaka barabarani, na kwa sababu hiyo jina likanikaa. Mimi nikiwa na neno nalisema kwa sauti. Nikikasirika, jirani anapunguza redio asikie vizuri. Lakini mikono yangu ina subira ambayo mdomo wangu haujawahi kuwa nayo. Nafuma vitambaa vya kuwekea vikombe. Si vile vilivyolala tambarare, vile kila mtu anafuma. Vyangu vina vipele: uvimbe mdogo mdogo wa uzi wa pamba, safu kwa safu, ukipitisha kiganja unauhisi wote. Chai ya moto haiunguzi meza, glasi ya baridi haiachi duara la maji, na mgeni akikaa sebuleni hawezi kuacha kukipapasa. Mwenye nyumba ya wageni ya pale barabara kuu aliviona akaagiza vya meza zake zote. Hapo nikaona peke yangu sitaweza, nikamvutia mkwe wangu kigoda, nikamwambia kaa ujifunze.

Mkwe wangu ni mke wa Nondo. Nondo ndiye mwanangu, wa pekee. Jina la Nondo alipewa kwenye karakana anakochomelea mageti na madirisha ya chuma, kwa sababu ya mwili wake. Mimi nilimpa jingine siku aliyozaliwa, lakini hilo silitamki tena. Mkewe nilimwita Vidole, maana hata alipokuwa hajui kufuma, akichambua mchele ungedhani anapiga kinanda. Walikuwa wanakaa kwangu, chumba cha nyuma. Mimi chumba cha mbele, na sebule katikati ndiyo ilikuwa ofisi yetu.

Sasa kipele kina adabu yake. Unachota uzi mara tano kwenye tundu moja, vitanzi vinajipanga juu ya sindano, kisha unavuta uzi mmoja kupita katikati ya vyote na kuvifunga pamoja. Ukiinuka kabla hujafunga, vitanzi vinateleza, kipele kinamwagika, na kitambaa kinabaki na pengo kama mdomo wa kibogoyo. Ndiyo maana nyumbani kwangu kuna sheria: hainuki mtu katikati ya mzunguko. Mlango ugongwe, simu ilie, nyumba iwake moto, funga mzunguko kwanza. Mama yangu alinifundisha hivyo kwa kunigonga vifundo vya vidole kwa mpini wa sindano, nami nikamfundisha Vidole vilevile. Akiinuka namgonga, anakaa. Hakufa mtu. Baada ya muda si mrefu akawa anafuma kunishinda, ikawa zamu yangu kumtania: “Wewe siku moja utanifuma mimi mwenyewe uniweke chini ya kikombe.” Anacheka huku amefunika mdomo, aibu tu za ujana. Baadaye akawa anafunika mdomo kwa sababu jino la mbele lilikuwa limekatika.

Jino lilikatika hivi. Nondo alirudi mchana, karakana haikuwa na umeme. Akaingia chumbani, nikasikia buti moja linaanguka, kisha la pili, kisha sauti: “We! Maji ya kuoga!” Vidole alikuwa na vitanzi vitatu juu ya sindano. Akanitazama. Nikamwambia, “Funga kwanza.” Akajibu kwa upole wake ule, “Nafunga mzunguko, nakuja.”

Nondo akatoka na kikombe cha bati. Hakukitupa ovyo, alilenga. Kilimpata mdomoni, damu ikadondokea uzi mweupe na kipande cha jino kikaruka chini ya kochi. Mimi niliinuka na kigoda nilichokuwa nimekalia nikamshushia nacho mgongoni, mtu mzima na ndevu zake. Nikamshushia tena. Akakimbilia nje bila viatu, watoto wa mtaa wakampigia mbinja.

Jioni akarudi amenyong'onyea. Akapiga magoti pale sebuleni, akalia machozi ya kweli. “Mke wangu nisamehe, mama nisamehe, shetani alinipitia.”

“Shetani gani?” nikamwambia. “Shetani ana kazi zake, ana majambazi, ana wauaji, aache hao wote aje kwangu kurusha kikombe cha bati? Usimsingizie.”

Nondo akacheka katikati ya kilio, na Vidole akacheka, pamba mdomoni. Hata mimi. Hiyo ndiyo shida ya mwanangu, akitaka kupendwa anapendeka. Lakini usiku ule nililala macho wazi, na tangu hapo nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu wangu: msichana yule asife nyumbani mwangu. Mengine yote niliyaacha.

Nilimwambia aondoke. Asije mtu akasema sikumwambia. “Panga nguo zako,” nilimwambia, “sanduku nitabeba mimi kichwani mchana kweupe, wanione.” Akasema, “Niende wapi, mama? Kwangu ni hapa kwako.” Wazazi wake walishatangulia, na shangazi aliyemlea alimuoza akashukuru kwa kupungukiwa na mdomo wa kulisha. “Kwangu ni hapa kwako.” Anayasema hayo huku sindano inakwenda, na mimi maneno yale yalikuwa matamu masikioni, siwezi kusema uongo. Sikuwahi kuzaa binti. Nikasema basi, kama haondoki, nitakaa naye jicho kwa jicho. Nisipotoka, hapigwi.

Lakini mtu utakaaje bila kutoka? Uzi unanunuliwa, sabuni inanunuliwa. Nikirudi, Vidole amevimba jicho. “Nimejigonga kabati, mama.” Nikalitazama kabati. “Hili kabati nimeishi nalo tangu nilipoolewa,” nikasema, “leo ndiyo limeota ngumi?” Akainama, akachukua uzi, akaanza kufuma.

Na uzi hausemi uongo. Mkono wenye hofu unabana, na kitambaa kilichobanwa hakilali mezani. Kingo zinainuka, ukiweka kikombe kinayumba na chai inamwagika. Mimi nilikuwa najua walivyolala chumba cha nyuma kwa kutazama tu alichofuma asubuhi. Kikilala, amelala salama. Kikijikunja, kuna jambo. Vilivyojikunja nilivikusanya, nikavifumua, nikamrudishia uzi. “Legeza mkono! Mteja ananunua kitambaa, hanunui matatizo yako!” Siwapaki mafuta kwa mgongo wa chupa, nilifoka. Kazi ni kazi, na niliamini kwamba mikono ikitulia na moyo utatulia.

Nondo naye nilimkalisha chini. Nilimwambia, “Ukimgusa tena nitakutoa utumbo niuanike kwenye kamba ya nguo.” Akaegemea ukuta, akatabasamu lile tabasamu la marehemu baba yake. “Mama bwana. Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Haya ni ya mtu na mkewe.” Nikamzaba kibao. Akajipangusa shavu taratibu, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Nikasikia kishindo kule ndani, kisha nikasikia Vidole akisema, kwa sauti ndogo, “Lakini si mimi niliyekupiga.” Niligonga ule mlango mpaka ngozi ya mikono ikachubuka. Hakufungua.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa anakuja jioni kuchukua mzigo wa mwisho. Vitambaa vilikuwa vimepangwa mezani, vyeupe na vya rangi ya udongo, vimelala vyote vizuri, maana Nondo alikuwa amefanya kazi mfululizo mbali na mji na nyumba ilikuwa na amani. Vidole alikuwa kwenye kitambaa cha mwisho, mzunguko wa mwisho. Mimi nilikuwa namalizia kingo kwa sindano ile nyembamba ya chuma. Tulikuwa tunamsengenya mwenye nyumba ya wageni, jinsi anavyotembea amebana makwapa utadhani amebeba mayai, na Vidole alikuwa anacheka mpaka anapangusa machozi.

Mlango ukasukumwa. Nondo. Ametoka kugombana na bosi wake, hilo tulilijua baadaye, na shati lilikuwa limechanika begani. Alitukuta tunacheka. Nadhani hicho ndicho kilichomuudhi zaidi, kwamba kulikuwa na kicheko na yeye hayumo.

“Njoo hapa,” akamwambia mkewe.

Kicheko kikakatika. Vidole alikuwa katikati ya kipele, vitanzi vyote vitano juu ya sindano. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Mimi sikuinua hata kichwa. Nikasema, “Maliza.”

“Nafunga mzunguko,” akamwambia.

Nondo hakupiga kelele. Alikuja taratibu, akachuchumaa mbele yake kama mtu anayetaka kuona kazi, akakichukua kile kitambaa mikononi mwake. Akachomoa sindano. Akashika uzi, akavuta.

Asiyefuma hajui. Kroshia ni uzi mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, ukishika pale mwisho ukavuta hakuna kinachobaki. Vile vipele vilikuwa vinapasuka kimoja kimoja, Nondo anavuta, anavuta, uzi unajaa mapajani mwake, na wakati wote anamtazama mkewe usoni. Alipomaliza hicho akachukua kingine mezani, akatafuta ncha, akavuta. Nikasema, “Nondo, acha.” Akachukua kingine. Nikasema, “Nondo, nitakuua.” Na Vidole, mtoto wa watu, akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aolewe. Alinyoosha mkono akamnyang'anya.

Yaliyofuata yalikuwa ya mara moja. Nondo alimzungusha mkewe akamlaza kifudifudi, akaukunja ule uzi mara nyingi nyingi ukawa kamba, akampitishia shingoni, akamkandamiza goti mgongoni na kuvuta. Uzi wa pamba, jamani! Uzi wa kuwekea vikombe! Uzi mmoja hata paka anaukata, lakini ukiukunja mara nyingi hivyo hauna huruma. Vidole hakutoa sauti. Miguu yake ilikuwa inapiga sakafu, kisigino kikagonga meza, vitambaa vikamwagika vyote chini.

Nilimpiga Nondo kigoda cha kichwa. Mguu wa kigoda ukavunjika, damu ikamtiririka sikioni, hata hakugeuka. Nilimvuta nywele. Nilimng'ata bega mpaka nikaonja chumvi. Alinisukuma kwa kiwiko, nikapigiza kichwa kwenye ukuta, nikaona giza kisha nikaona tena. Nilitafuta mkasi, haukuwepo, ulikuwa umefunikwa na uzi huko. Miguu ya Vidole ilikuwa imeanza kupunguza kupiga.

Nikajikuta ile sindano ya chuma bado iko mkononi.

Shingo ya mwanangu ilikuwa mbele yangu, wazi, na mshipa unacheza. Naujua mwili ule. Nimeuogesha, nimeupaka mafuta, nimeusugua pale pale nyuma ya sikio palipokuwa hapataki kutakata. Nilipatazama. Halafu nikautazama mkono ulioshika uzi, nikauchoma huo, kwa juu, kati ya mfupa wa kidole gumba na wa shahada, kwa nguvu zangu zote.

Sindano ile ni nyembamba na mdomoni imepinda. Kuingia iliingia. Nilipoivuta haikutoka, ilishika kitu ndani. Nondo akapiga ukelele na bado hajaachia. Ndipo nikaizungusha.

Akaachia.

“Toka!” nikamwambia Vidole. Alikuwa anatambaa, anavuta pumzi kwa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu, uso umeiva, macho yamejaa damu. “Toka nje! Unangoja nini? Mjinga wewe, toka, kimbia!” Nilikuwa nampigia kelele kuliko nilivyompigia kelele mwanangu. Akainuka kwa kushika ukuta, akaanguka, akainuka. Akatoka.

Nondo akataka kumfuata. Mimi nilikuwa nimeshika mpini wa sindano na yeye yuko kwenye ncha. Alinipiga ngumi ya uso kwa mkono wa pili. Meno mawili nikayatema pale pale, sikuachia. Akanipiga ya mbavu, nikasikia kitu kinalia ndani. Sikuachia. Kila akisogea naisogeza, naye anapiga magoti. Tulizunguka sebule nzima hivyo, damu imetapakaa, vitambaa vinanasa miguuni, mama na mwana.

“Mama,” akasema, na sasa alikuwa analia. “Mama, mimi mwanao!”

“Ndiyo maana nimechoma mkono,” nikamwambia.

Alinielewa, maana alijigusa shingo.

Wanaume wa mtaa walikuja wakamshika. Aliyewaita ni fundi cherehani wa nyumba ya jirani, mwanamke mwenye akili zake, ambaye Vidole alikimbilia kwake akaangukia kwenye vitambaa vya wateja. Kule zahanati tabibu alimtazama Nondo mkono, akauliza, “Ajali kazini?” Nondo akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa kwenye benchi, nashikilia taya langu.

“Ajali ya nini?” nikasema. “Nimemchoma mimi. Alikuwa anamnyonga mkewe.”

“Na wewe ni nani yake?”

“Mama yake.”

Tabibu akamtazama muuguzi. Wakamchana mkono kuitoa ile sindano. Vidole viwili vya mkono ule havikunjiki tena, wala kushika fimbo ya kuchomelea hawezi. Kwa hilo nilisema nastahili kulaumiwa, nikalaumiwa na mji mzima. Mama gani anamlemaza mwanawe kwa ajili ya mtoto wa mtu? Damu si ni nzito kuliko maji? Nilikuwa nawajibu mmoja mmoja nikiwa nimesimama mlangoni, mpaka sauti ikakauka.

Ndugu wa marehemu mume wangu akaja. Huyu ni mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme. Akakohoa. “Shemeji, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mambo haya yangemalizwa ndani.”

“Yalikuwa yanamalizwa ndani,” nikasema. “Yalibaki kidogo tu kumalizika. Ungekuja kuzika.”

Akakohoa tena. “Basi nikuulize. Ukali wa huyu kijana umetoka wapi? Ndugu yangu alikuwa mpole, hajawahi kuua hata kuku. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.”

Nilimrushia bakuli. Halikumpata, lilipasuka ukutani. Alisimama akajipangusa vipande begani, wala hakukasirika, akanitazama tu. Kisha akamchukua Nondo akaenda naye kwake, mji mwingine. Nondo hakuniaga. Nilibadilisha kitasa, nikasugua sakafu ya sebule mara nyingi, nikaanua pazia lililoingia damu nikalichoma moto.

Hapo ndipo nikashusha pumzi. Msichana yuko hai. Mwanangu yuko mbali. Mbavu zangu zilikuwa zinauma kila nikicheka, lakini nilikuwa nacheka. Nilipanga chumba cha nyuma upya, nikanunua godoro, nikafungua dirisha ambalo Nondo alikuwa halitaki lifunguliwe. Nilisema atakaa pale, tutafuma, tutazeeka. Akitaka kuolewa tena atamleta mume nimkague mimi kwanza. Siku nilipoweza kutembea vizuri nikavaa, nikachukua madonge mapya ya uzi kwenye mfuko, nikaenda kumfuata.

Fundi cherehani alikuwa amempeleka kwa dada yake, ng'ambo ya mji, ambaye naye anashona. Nilimkuta Vidole amekaa kwenye sakafu ya duka, anashonea vifungo kwenye sare za shule. Amejifunga kitambaa kichwani na ncha yake kaizungusha shingoni. Aliponiona akasimama haraka, vifungo vikamwagika.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Umekonda! Hawakupi chakula? Haya, kusanya vitu vyako tuondoke, gari linangoja.”

Hakukusanya kitu. Aliokota vifungo.

“Mama, mimi sirudi.”

“Nondo hayupo. Hujaambiwa? Nimebadilisha kitasa. Akikanyaga pale nitamchoma ule mkono wa pili, na nimenunua sindano nene zaidi.”

“Najua, mama.”

“Sasa?”

Mwenye duka akaacha kushona, akajifanya anatafuta uzi.

“Uliniokoa,” Vidole akasema. “Nakuombea kila siku. Ukiumwa nitakuja nikuuguze. Lakini kwenye ile nyumba sirudi.” Akameza mate, na kumeza kulikuwa bado kunamuuma, nilimwona. “Yeye akiniita nilikuwa napiga hesabu, mama. Nikiinuka nitapigwa na nani. Nikikaa nitapigwa na nani. Kila siku ilikuwa hivyo. Hata siku ile.”

Nilihisi moto unanipanda kutoka miguuni. “Unanifananisha na nani? Mimi? Nilikugonga vidole! Kwa mpini! Ndiyo ufundi unavyofundishwa, mimi nilifundishwa hivyo hivyo! Mimi nimemwaga damu ya mwanangu kwa ajili yako, nimepoteza meno, mtaa mzima umenitema, leo unakuja kunipima na yule? Huna haya! Huna shukrani! Nakwambia inuka!”

Mteja mmoja alikuwa amesimama na sare mkononi, hajui atoke au akae. Vidole hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega ameyavuta juu mpaka masikioni, na yale mabega niliyajua, nimeyaona mara nyingi pale sebuleni kwangu, nikidhani ninajua yanamwogopa nani.

Hasira ikaniisha yote kwa pamoja. Nilimwona tu mtoto, mwembamba, na kile kitambaa cha kichwa kimelegea kimeteleza, kimeacha ule mstari wa shingoni wazi, watu wote wanautazama. Moyo ukaniuma. Nikasema, “Mwanangu,” kwa sauti ya chini, na nikanyoosha mkono ili nimfunge vizuri kitambaa chake.

Akajikinga uso kwa mikono yote miwili.

Nilibaki na mkono hewani. Ulikuwa mkono wa kulia, ule ule unaoshika mpini wa sindano. Niliurudisha polepole, nikaushika kwa mkono wa pili, nikarudi nyuma hatua kwa hatua. Vidole hakuishusha mikono yake mpaka aliponisikia nimefika mlangoni.